Dokta, usichungulie bila mpango

Wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, nimeshazima kompyuta niko kitandani, simu inaita. Dokta. Huyu dokta tunafanya naye jaribio la dawa ya saratani, yeye ndo mwenye wagonjwa, mimi ndo mwenye hesabu, na ni mtu ninayemheshimu sana kwa hiyo nikapokea. Hata salamu hazijaisha akaanza: "Ndugu yangu, nimekaa na wagonjwa wa hapa kwangu tu, nimewapanga kwenye Excel, hawa wa dawa mpya, hawa wa dawa ya zamani, nimepata p ya sifuri nukta sifuri tatu. Sasa wewe unasubiri nini?" (Hiyo p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, kama dawa hazitofautiani. Kwa mazoea ikiwa chini ya 0.05 watu wanasema dawa inafanya kazi.)

Nikakaa kimya kidogo. Hiyo Excel hakutakiwa kuifanya kabisa, kwenye itifaki, yaani mpango wa jaribio, tumeandika wazi nani anaruhusiwa kulinganisha makundi na lini, na sahihi yake ipo pale chini. Nikamwambia dokta ulichofanya ni kuchungulia. Akasema kuchungulia nini wakati wagonjwa ni wangu, nawaona kila siku, huyu anapona na huyu anazidiwa, mimi nifumbe macho? Tukabishana mpaka karibu saa sita na mimi nikaishia kumjibu kwa ukali, nikamwambia habari za kanuni, kanuni, kanuni. Usingizi ukakata. Manake ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na jibu lenyewe lipo, ni la miaka zaidi ya 80 sasa, ila halitoshi kwenye simu ya usiku. Ndo naliandika hapa.

Tuanze na ubaya wa kuchungulia, huo ndo rahisi. Chukua timu mbili za mpira zenye nguvu sawa kabisa, wakicheza dakika 90 kila timu ina nafasi yake sawa. Sasa refa aipe timu moja ruhusa ya kupuliza kipenga mechi iishe muda wowote inapokuwa inaongoza. Dakika ya 12 wamepata bao la bahati, kipenga, kwaherini. Hiyo timu itachukua ubingwa kila mwaka na haijui mpira. Mtafiti anayeangalia matokeo kila mwezi na kusimama siku p inaposhuka chini ya 0.05 ni hiyo timu. Ile 5% ya kudanganywa na bahati ni ya mtu aliyeangalia mara moja, mwisho. Ukiangalia mara nyingi unaipa bahati nafasi nyingi za kukudanganya na wewe unahitaji kudanganyika mara moja tu.

Na kiasi chake kinajulikana. Mwaka 1969 Peter Armitage na wenzake McPherson na Rowe walipiga hesabu hii, kwamba dawa isiyo na faida yoyote ikipimwa kwa 0.05 mara mbili, uwezekano wa kutangazwa kuwa inafanya kazi unafika 8.3%, ukiangalia mara tano unakuwa 14.2%, mara kumi 19.3%. Yaani ukiangalia mara kumi, dawa moja kati ya kila tano zisizo na faida inapita. Ukiendelea kuangalia bila kikomo, utafika tu, dawa yoyote ile, hata maji. Usiku ule baada ya kukata simu niliwasha tena kompyuta nikaandika mistari michache ya kodi (programu), majaribio elfu moja ya dawa isiyo na kitu, kuangalia mara tano kila moja, zikapita kama 140. Nilijua jibu kabla sijabonyeza ila kuna kitu kinakugusa ukiyaona yamejipanga kwenye skrini, majaribio 140 hivi ambayo kila moja lingekuwa na dokta wake aliyepiga simu saa nne usiku akiwa na furaha.

Na dokta alikuwa na wagonjwa wa kituo chake tu, kituo kimoja kati ya kadhaa, kwa hiyo hata hiyo 0.03 ilikuwa kipande cha kipande.

Sawa. Ila hapa watakwimu wengi tunaishia, tunajiona tumeshinda mjadala, na hatujashinda. Kwa sababu kufumba macho mpaka mwisho nako kuna gharama, na gharama yake ni watu. Kama dawa mpya kweli inaokoa, kila wiki unayosubiri kuna mtu anapangiwa kundi la dawa ya zamani kwa bahati nasibu ya kompyuta. Kama dawa mpya inaua, hivyo hivyo upande wa pili. Dokta hakuwa anauliza habari za p. Alikuwa anauliza mpaka lini.

Kuna data moja ambayo kila aliyesoma takwimu za kuishi, yaani za kupima muda mpaka tukio litokee, ameshakutana nayo darasani. Wagonjwa 42, nusu dawa inayoitwa 6-MP, nusu plasibo (kidonge kisicho na dawa), ni namba tu kwenye jedwali: 6, 6, 6, 7, 10, na nyingine zina alama ya kujumlisha pembeni. Nilizitumia mwaka mzima kufanyia mazoezi bila kujua ni nini. Kumbe zile namba ni wiki, na wale wagonjwa wengi wao ni watoto wenye lukemia kali (saratani ya damu), huko Marekani, jaribio la Freireich na wenzake lililochapishwa 1963. Watoto walishapewa steroidi ugonjwa ukatulia, swali likawa je 6-MP inaweza kuushikilia usirudi. Wakapangwa wawili wawili wanaofanana, mmoja dawa mmoja plasibo, halafu kwa kila jozi wanaangalia ni nani ugonjwa unaanza kumrudia. Kila jozi ikitoa jibu wanaweka alama kwenye chati, dawa imeshinda, panda juu, plasibo imeshinda, shuka chini, na chati ina mistari ya mipaka iliyochorwa kabla hata mtoto wa kwanza hajaingia. Mstari ukivukwa, mnasimama. Basi. Walipofika jozi ya 21 dawa ilikuwa imeshinda jozi 18, plasibo 3. Wakasimama.

Angalia hizo namba tena kama watu. Kundi la plasibo wote 21 ugonjwa uliwarudia, nusu yao ndani ya wiki 8. Kundi la dawa, 9 ulikuwa umewarudia na 12 walikuwa bado wametulia, ndo zile alama za kujumlisha. Kama wangeamua mapema kwamba lazima wafike watoto 200 ndo wafungue bahasha, fikiria. Hawakuchungulia kiholela na hawakufumba macho, waliangalia kila jozi na bado hesabu yao ilikuwa safi, kwa sababu bei ya kuangalia ilishalipwa kwenye kuchora ile mipaka. Na 6-MP mpaka leo inatumika kwenye lukemia ya watoto.

Wazo la mipaka ya namna hii lilitoka vitani. 1943, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kulikuwa na kikundi cha watakwimu wanaosaidia jeshi la Marekani, wanapima silaha na mabomu, na ofisa mmoja wa jeshi la majini akalalamika kwamba hizi hesabu zenu zinataka nifyatue maelfu ya risasi wakati mtu mzoefu akifyatua mia kadhaa za kwanza anaona kabisa kwamba hii mpya haifai au inafaa sana. (Umeona? Ni dokta wangu huyo huyo, kavaa gwanda.) Allen Wallis na Milton Friedman, ndio, yule yule wa uchumi, wakalihangaikia, wakampelekea Abraham Wald, na Wald akatoa kitu ambacho mpaka leo nikikifundisha nafurahi. Kilikaa kama siri ya vita, akachapisha 1945 na kitabu kikatoka 1947.

Kinafanya hivi. Tuseme una dawa mpya ya uvimbe fulani. Dawa dhaifu, uvimbe unasinyaa kwa 10% ya wagonjwa. Dawa unayoitamani, 30%. Unaanza na namba 1. Mgonjwa uvimbe ukisinyaa, unazidisha mara 3, kwa sababu 30 gawanya kwa 10 ni 3. Usiposinyaa unazidisha kwa 0.7 gawanya kwa 0.9, kama 0.78. Hiyo namba inakwambia ushahidi umeelemea wapi. Ikifika 16, simama, dawa inafaa. Ikishuka chini ya 0.21, simama, achana nayo. Hizo 16 na 0.21 zinatoka kwenye makosa uliyokubali, hapa nimekubali 5% ya kusifia dawa mbovu na 20% ya kutupa dawa nzuri, basi 0.80 gawanya kwa 0.05 ni 16, na 0.20 gawanya kwa 0.95 ni 0.21. Ndo hesabu yote hiyo, unaweza kuifanya nyuma ya risiti.

Tucheze. Wagonjwa watatu wa kwanza hakuna kitu, tuko 0.47. Wa nne umesinyaa, 1.41. Wawili hakuna kitu, 0.85. Wa saba umesinyaa, 2.56. Wa nane hamna, 1.99. Wa tisa ndiyo, 5.98. Wa kumi ndiyo, 17.9, tumevuka 16, tumesimama. Wagonjwa kumi, wanne wamefaidika, jibu limepatikana. Na wakianza saba mfululizo hakuna hata mmoja, uko 0.17, umeshasimama, umewaepusha wengine wote na dawa yenye sumu isiyo na faida. Hakuna kupiga p kila mara, hakuna kugombana na mtu kwenye simu. Kinachonipendeza ni kwamba mgonjwa wa kumi hajui chochote kuhusu wale tisa ila mzani unawakumbuka wote.

Sasa mbona hatutumii hii hii tu kwenye kila jaribio la saratani? Kwa sababu saratani si risasi. Risasi unafyatua unaona. Kwenye uvimbe, unampa mtu dawa, unasubiri wiki sita, nane, ndo unampiga picha, na wakati huo wagonjwa wengine wanaendelea kuingia, kwa hiyo ukisema "simama" tayari kuna watu kumi na tano ndani ambao majibu yao bado. Na kwenye majaribio makubwa kipimo ni kuishi, ambako hata miezi haitoshi. Halafu njia ya Wald haina ukomo, kinadharia namba inaweza kuzunguka katikati ya 0.21 na 16 kwa muda mrefu, na hakuna mfadhili anayetoa hela kwa mpango unaosema "tutamaliza tutakapomaliza". Armitage, yule wa 1969, ndo aliyezisogeza hizi mbinu kwenye tiba, alitoa kitabu kizima 1960 cha majaribio ya mfuatano, na mipaka yake ilikuwa na mwisho. Lakini kilichokuja kushika zaidi ni kuangalia kwa mafungu: usiangalie kila mgonjwa, angalia mara tatu, nne, tano, kwa ratiba.

Na hapa ndo jaribio letu na dokta lilipo, kwa hiyo nitatumia namba zetu.

Tunatafuta kama dawa mpya inapunguza kasi ya vifo kwa robo. Ukitaka uwezekano wa 80% wa kuiona faida hiyo kama ipo, na 5% ile ya kawaida, unahitaji kama vifo 380. Nimesema vifo, sijasema wagonjwa, na hili watu wanalikosea kila siku. Kwenye kupima kuishi taarifa inatoka kwa matukio. Unaweza kuwa na wagonjwa elfu mbili walioingia jana na huna taarifa yoyote. Ni lugha ngumu, najua, tunakaa kwenye mkutano tunasema "tunahitaji vifo 40 zaidi" na mgeni akiingia anaweza kudhani sisi ni watu gani. Sijapata neno bora. Wengine wanasema matukio. Mimi nasema vifo kwa sababu ndivyo vilivyo.

Tukaamua kuangalia mara tatu. Mara tatu kwa mtindo wa Pocock (1977) maana yake kila ukiangalia p lazima iwe chini ya 0.022, mara zote tatu sawa, na ili kufidia unahitaji kama vifo 442. Mtindo wa O'Brien na Fleming (1979) ni mchoyo mwanzoni na mkarimu mwishoni: mara ya kwanza p iwe chini ya 0.0005, mara ya pili 0.014, mara ya mwisho 0.045. Na fidia yake ni ndogo ajabu, tulipanga vifo 387, tunaangalia kwenye 129, 258, 387. Yaani haki ya kuchungulia mara mbili njiani imetugharimu vifo saba juu ya 380. Nilimwonyesha hili mwanafunzi mmoja akadhani nimekosea. Hapana, ndo uzuri wake, kwa sababu mwanzoni umejinyima sana basi mwishoni deni linakuwa dogo. Kuna pia Haybittle na Peto, rahisi kupita wote, njiani usisimame mpaka p iwe chini ya 0.001, mwisho tumia 0.05 yako karibu kama ilivyo, na sioni ubaya wake ila naona watu wanaitumia kwa uvivu.

Kero ya hizi zote ni kwamba zinataka uangalie kwenye namba kamili. Kamati inayoruhusiwa kuona matokeo inakaa mwezi wa tatu, vifo viko 141 badala ya 129, utafanyaje? Lan na DeMets 1983 wakaitatua kwa kuifanya alfa, yaani ile 5% ya kudanganywa na bahati, kama salio la simu. Una 0.05, umepanga mapema kasi ya kulitumia kadri taarifa inavyoongezeka, siku mnayokaa unaangalia taarifa imefika asilimia ngapi, salio gani limeruhusiwa kutumika hadi hapo, unatumia hilo, linalobaki linabaki. Mkiongeza kikao hakuna shida, salio ni lile lile. Ila kasi ya matumizi huibadilishi baada ya kuona matokeo, hapo ndo wizi unapoanzia.

Kwa hiyo dokta na 0.03 yake. Alipopiga simu jaribio zima lilikuwa halijafika hata vifo 100. Mpaka wetu kwenye 129 ni 0.0005. Kama angekuwa na 0.03 ya vituo vyote siku yenyewe ya kuangalia, bado jibu lingekuwa endeleeni. Na najua anachosema mtu yeyote mwenye mgonjwa mbele yake: mbona mkali hivyo?

Kwa sababu ya mambo kama ya AML12. Hili lilikuwa jaribio la Uingereza la lukemia kali ya mailoidi, swali mojawapo lilikuwa kozi nne za kemo (tibakemikali) au tano. Mapema kabisa kozi tano zikaonekana zinapunguza vifo kwa karibu nusu, p chini ya 0.01. Kwenye ugonjwa ule. Fikiria uko kwenye ile kamati, ni watu wachache tu wanaoruhusiwa kuona, madaktari wenyewe hawajui, na karatasi iliyo mbele yako inasema kozi moja zaidi inaokoa nusu. Kamati ikajiuliza swali moja la kiutu uzima: inawezekana kweli kozi moja ya tano, juu ya nne ambazo mtu ameshapata, ifanye kazi kubwa kiasi hiki? Wakasema endeleeni. Baadaye tofauti ikaanza kupungua, ikapungua, na mwishoni kukiwa na wagonjwa zaidi ya 1,000, haikuwepo. Wangesimama siku ile, wagonjwa wangapi wangeongezewa kozi ya tano ya kemo kwa ajili ya bahati ya mwanzo? Na kozi ya kemo si maji ya kunawa.

Mimi naiona ile kamati kama mashujaa wa fani yetu na hakuna anayewajua. Kusimama kunaleta makofi. Kuendelea ukiwa umeona unachokiona, ukarudi nyumbani ukakaa kimya, hiyo ni kazi.

Na hata mpaka ukivukwa kihalali kuna mtego, dawa iliyosimamishwa mapema huwa inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Si uongo wa mtu, ni kipenga kile kile cha refa: umesimama kwa sababu matokeo yalikuwa juu, na kilichokuwa juu sehemu yake ni dawa na sehemu yake ni upepo. Bassler na wenzake 2010 walichukua majaribio 91 yaliyosimamishwa mapema kwa sababu ya faida, wakayalinganisha na mengine ya maswali yale yale yaliyofika mwisho, na yale yaliyokatishwa yalikuwa yanaonyesha faida kubwa zaidi, hasa yaliyokuwa na matukio machache. Kwa hiyo mtu akikuletea jaribio la matukio 60 lililosimamishwa kwa faida ya kutisha, pokea, shukuru, punguza.

Halafu unapoteza vingine. Jaribio la MA.17, wanawake 5,187 waliomaliza miaka kama mitano ya tamoxifen kwa saratani ya matiti, wakapewa letrozole au plasibo, ilipangwa miaka mitano, 2003 wakasimama wastani wa ufuatiliaji ukiwa miaka 2.4 kwa sababu saratani ilikuwa inarudi zaidi kwenye plasibo, na mpaka ulivukwa kihalali kabisa. Waliokuwa kwenye plasibo wakaruhusiwa kuhamia letrozole. Sawa, nani angewanyima? Ila maswali ya mifupa, ya moyo, ya kuishi miaka kumi mbele, yakawa magumu kujibu kwa sababu kundi la kulinganisha limeyeyuka. Walibishana sana na mpaka leo mimi mwenyewe nikiamka upande mmoja nasema walifanya sawa, upande mwingine nasema hapana. Linganisha na jaribio la dawa ya sorafenib kwenye saratani ya ini, 2007, wagonjwa 602, wakasimama kwenye kuangalia kwa pili kulikopangwa, na kipimo kilikuwa kuishi kwenyewe, miezi 10.7 dhidi ya 7.9. Hapo sina ubishi, ugonjwa unakwenda haraka, kipimo ndo kile kile mgonjwa anachokijali, unasubiri nini.

Nimeongelea sana kusimama kwa furaha. Kusimama kwa sababu dawa haifai ndo kunakookoa watu wengi zaidi kimya kimya. Kwenye awamu ya pili, yale majaribio madogo ya kuona kama dawa inafanya chochote, wengi tunatumia mpango wa Simon wa 1989, kwa ile 10% na 30% ni hivi: chukua wagonjwa 10, kama uvimbe umesinyaa kwa mmoja au hakuna kabisa, funga. Wakiwa wawili au zaidi ongeza mpaka 29, na ili dawa ipite lazima wafike sita. Dawa ikiwa dhaifu kweli, mara 74 kati ya 100 unafunga kwenye wale kumi wa kwanza. Rahisi kiasi kwamba watu wanausahau wakifika mgonjwa wa kumi, "tuongeze wawili tu tuone", jamani, hao wawili ndo dokta wangu tena.

Pia kuna dawa zinazodhuru. Jaribio la CARET, beta karotini na vitamini A kwa watu 18,314, wavutaji sigara, walioacha, na waliofanya kazi na asbestosi, walitegemea ipunguze saratani ya mapafu. Januari 1996 wakasimama miezi 21 kabla ya muda, saratani ya mapafu ilikuwa juu kwa 28% kwa waliokuwa wanameza. Na SELECT, wanaume zaidi ya 35,000, seleniamu na vitamini E dhidi ya saratani ya tezi dume, walisimama 2008 kwa kukosa faida, lakini wakaendelea kuwafuatilia watu, na 2011 ikaonekana waliokuwa kwenye vitamini E pekee walikuwa na saratani ya tezi dume zaidi kwa 17%. Kusimama kutoa dawa si kusimama kuangalia watu.

Tahadhari moja hapa inayoninyima usingizi kwenye dawa za kinga mwili, zile zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Kemo inafanya kazi haraka au haifanyi. Dawa za kinga zinachelewa, mistari miwili ya kuishi inatembea pamoja miezi kadhaa ya kwanza kama mapacha, wakati mwingine ile ya dawa mpya iko chini kabisa, halafu ndo inaachana. Ukiweka mpaka wa kukata tamaa mapema, unaweza kuua dawa nzuri kwa kanuni safi kabisa. Hesabu haikuokoi hapo, inabidi uwe umekaa na mtu anayejua baiolojia, umuulize itachukua muda gani kabla ya kuona kitu, na usogeze kuangalia kwako mbele. Yaani inabidi ukae na dokta.

Ambaye nilimpigia wiki iliyopita. Nikamwomba radhi kwa ule ukali, nikamtumia ile kodi yangu ya majaribio elfu moja, akaiendesha mwenyewe, akacheka, akasema "kumbe ningekuwa mmoja wa hao 140." Nikamwambia labda, labda hapana, ndo maana tunasubiri. Tumekubaliana Excel yake aifute na tumeandika tukio kwenye faili la jaribio kama inavyotakiwa, haikumpendeza, ila kasaini.

Kitu kimoja naruhusiwa kumwambia ni jumla ya vifo vya makundi yote pamoja, hiyo haifichui dawa ipi inaongoza. Jana usiku simu ikaita tena, saa nne ile ile.

"Tumefika vingapi?"

"Mia moja na nne."

"Bado ishirini na tano," akasema, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia mmoja wao alikuwa wa kwake, ameondoka asubuhi ile.

Sikumuuliza alikuwa kundi gani.